Paka wetu ana kisukari: tunavyomtunza nyumbani

Aliyegundua ni mama, si mimi. Asubuhi moja mwezi wa Februari aliniita uani akanionyesha safu ya chungu waliokuwa wakielekea kwenye kona alikokojoa Shaibu, paka wetu wa miaka 11. Mama ameishi na sukari miaka mingi. Akasema, "Huyu paka ana maradhi yangu." Nilicheka.

Baada ya wiki moja sikuwa na la kucheka. Shaibu alikuwa akimaliza bakuli la maji na kurudi kulilia jingine. Alikula kama aliyetoka safari, lakini mgongo wake ulikuwa umebaki mifupa. Halafu nikaona miguu yake ya nyuma: badala ya kukanyaga kwa vidole kama paka wote, alitembea ameshusha visigino hadi sakafuni. Nikambeba kwenye kikapu hadi kwa daktari wa mifugo.

Daktari alipima damu, mashine ikaonyesha 24. Paka mzima huwa kati ya 4 na 7 hivi. Lakini hakuishia hapo. Alinieleza kwamba paka akishikwa shikwa na kuogopa, sukari yake hupanda kwa hofu tu, kwa hivyo kipimo kimoja hakitoshi. Akapima na mkojo, ukakutwa na sukari pia. Kuna kipimo kingine cha damu kiitwacho fruktosamini, kinachoonyesha sukari ilivyokuwa kwa wiki mbili tatu zilizopita. Nacho husaidia pale daktari anapokuwa na shaka.

Nilimuuliza swali ambalo kila mtu huniuliza sasa: paka na sukari wapi na wapi? Jibu lake lilinichoma kidogo. Kisukari cha paka kinafanana sana na kile cha watu wazima: mwili unakuwa sugu kwa insulini, na kongosho linachoka. Walio hatarini zaidi ni paka wenye umri, madume waliohasiwa, wanene, wasiotoka kuwinda. Huyo ndiye Shaibu, nukta kwa nukta. Alikuwa amefika kilo 7, na tukimsifu kwamba ana afya. Kila asubuhi alikuwa na kipande chake cha mahamri, na jioni alikuwa na wali wa nazi.

Paka ni mla nyama. Mwili wake haukuumbwa kushughulikia wanga mwingi. Kwa hivyo matibabu yalianza kwenye sahani: hakuna wali tena, ugali, mkate, viazi wala maziwa. Sasa anakula samaki wa kuchemshwa aliyetolewa miba, kuku asiye na ngozi, na chakula cha paka cha mkebe ambacho daktari alikichagua kwa kuwa kina protini nyingi na wanga kidogo. Nyama na samaki peke yake havimtoshi paka kwa muda mrefu, kwa hivyo hicho cha mkebe hakikosekani. Chumvi na viungo hatutii. Kitunguu maji na kitunguu saumu ni sumu kwa paka, kwa hivyo mabaki ya mchuzi hayamfai hata asiye mgonjwa. Kazi kubwa zaidi ilikuwa kuwaomba majirani. Mtaani kwetu Mji wa Kale paka ni wa wote, na Shaibu alikuwa na nyumba tatu za kula.

Pili ni insulini, mara mbili kwa siku, saa 12 kati ya sindano na sindano. Nilifikiri nifuate swala, Alfajiri na Magharibi, lakini muda kati yake haulingani. Tukashika saa ya ukutani: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwanza anakula, kisha namdunga. Navuta ngozi ya ubavuni juu kwa vidole viwili hadi ifanye kama kihema, naingiza sindano chini yake, nasukuma taratibu. Sindano ni nyembamba mno, na mara nyingi hata haachi kulamba sahani. Siku akikataa kula au akitapika, simdungi kabla ya kumpigia daktari.

Hapa msomaji anisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo paka huuawa na watu wanaowapenda. Insulini ziko za nguvu mbali mbali. Nyingi za binadamu zina yuniti 100 kwa kila mililita. Iko ya wanyama yenye yuniti 40. Kila moja ina bomba lake la sindano. Ukivuta ile ya 100 kwa bomba la 40, umempa dozi mara mbili na nusu. Usichukue insulini ya mzee wa nyumbani ukakisia, wala vidonge vyake. Paka wengi huanza na yuniti moja tu, na anayeamua ni daktari.

Sisi tulikosea kwa njia nyingine. Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza wa matibabu nilimdunga Shaibu nikatoka kwenda sokoni. Kijana wangu akaamka, akaona saa imepita, akadhani nimesahau, akamdunga tena. Niliporudi paka alikuwa ameegemea ukuta, anayumba, macho yamemtoka, haitiki jina lake. Mama ndiye aliyepiga kelele: "Sukari imeshuka! Leteni asali!" Tulimpaka asali kwenye fizi kwa kidole, kidogo kidogo, bila kummiminia kooni asije akapaliwa, kisha tukakimbia naye kwa daktari. Alhamdulillahi aliokoka. Daktari alitwambia kwamba tungechelewa angeingia kwenye degedege, na pengine asirudi.

Tangu siku hiyo kuna karatasi kwenye mlango wa friji. Anayedunga anaweka alama na saa. Na tuna sharti moja: ukiwa na shaka kama amedungwa au hajadungwa, usimdunge. Kukosa sindano moja hakutamuua. Kuzidishiwa kunaweza.

Friji nayo ina mambo yake. Insulini hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda imeharibika. Wakati wa kaskazi joto la Mombasa hupita nyuzi 30, na stima ikipotea mchana kutwa chupa iko hatarini. Tunayo chupa ya chai isiyopitisha joto. Tunatia barafu chini, kitambaa kizito juu yake, halafu insulini, ili isigusane na barafu. Sindano zilizotumika zinaingia kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, na ikijaa tunairudisha kwa daktari. Tusimwachie mzoa taka maumivu yetu.

Nyumbani nampima kwa mashine ile ile ya aina anayotumia mama, lakini yake peke yake. Tone la damu linatoka ukingoni mwa sikio, baada ya kulipasha joto kwa kitambaa cha maji moto. Mashine za watu mara nyingi husoma chini kidogo ya sukari halisi ya paka, kwa hivyo namba zote namwonyesha daktari na sibadilishi dozi mwenyewe. Ikiwa chini ya 4 hadungwi. Anakula, na simu inapigwa. Akiacha kula, akatapika, akalegea na pumzi yake ikanuka ajabu, huo ni mwili unaojaa sumu kwa kukosa insulini, na haungoji asubuhi.

Sasa nije kwenye swali la mzee mmoja jirani yetu, ninayemheshimu. Alinisimamisha kibarazani: "Mwanangu, watu wanakosa insulini, na wewe wamdunga paka?" Sikumjibu siku ile, maana swali lake ni la haki. Wapo watu hapa hapa Pwani wanaopunguza dozi ili chupa ifike mwisho wa mwezi.

Nimefikiri hivi. Insulini ya Shaibu nainunua kwa pesa zangu kwenye duka la dawa. Sichukui ya kliniki wala ya mama. Kila Mwislamu amesikia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Mimi sikumnyima Shaibu chakula. Nilimpa kibaya, miaka 11, naye hakuwa na la kuchagua. Deni hilo ni langu. Lakini simlaumu asiyeweza. Kama gharama imekushinda, mwambie daktari ukweli. Mpango mwepesi upo, na wakati mwingine hata kumpumzisha mnyama bila maumivu ni huruma. Kisicho huruma ni kumwacha akauke uani huku tukisema ni uzee.

Kuna na habari njema. Paka, tofauti na mbwa, anaweza kufikia mahali asihitaji insulini tena, hasa akitibiwa mapema na chakula kikashikwa vizuri. Huo si uponaji kamili, kwani sukari inaweza kurudi. Shaibu hajafika huko. Ameanza kunenepa kwa kiasi, anakanyaga tena kwa vidole, na bakuli la maji linamaliza siku nzima.

Mama ndiye anayeshika karatasi ya namba. Alikuwa mvivu wa kujipima, nilikuwa nikimkumbusha hadi anakasirika. Siku hizi saa kumi na mbili na nusu anakaa na mashine mbili mezani, anaanza na Shaibu, kisha anajichoma mwenyewe. Jana paka alikuwa 9, mama 11. Hakufurahi kushindwa.