Taa ya gari yaumbua betri Ukunda

Kwenye meza ya fundi mmoja wa kompyuta mjini Ukunda, katikati ya bisibisi na mabaki ya nyaya, ipo taa ya mbele ya gari. Ni balbu ya volti 12, wati 55, yenye nyaya mbili na vibanio viwili. Haimuliki chochote. Kazi yake ni kuzihukumu betri.

Mteja huja na UPS, kifaa cha umeme wa akiba, iliyokataa kazi. Fundi huifungua, huitoa betri ya volti 12, ampea-saa 7, na kuipima kwa mita. Mara nyingi mita husoma 12.7, kana kwamba betri imejaa. Mwenye mali huanza kutabasamu. Ndipo vibanio hubana. Balbu huwaka nyeupe, hugeuka manjano, kisha huwa nyekundu kama kaa linalozimika. Mita imeshaporomoka hadi 9. Betri hiyo ni mtungi uliojaa mchanga: mzito mkononi, lakini hautoi maji.

Kipimo hicho ndicho kilichomrudisha mwandishi dukani humo mara ya pili, maana mnunuzi yeyote anaweza kukidai kabla ya kulipa.

Betri zinapokufa mapema, fundi halaumu sana kukatika kwa umeme. Analaumu joto. Betri za madini ya risasi huundwa kuishi miaka mitatu hadi mitano katika nyuzi 25 hivi, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha hayo kwa karibu nusu. Ndani ya nyumba ya mabati ya Msambweni mwezi Machi, betri ya UPS iliyosukumwa nyuma ya kabati pasipopita hewa haiwezi kuvumilia. Kwa hiyo yeye huandika tarehe kwa kalamu nzito juu ya kila betri anayofunga, na humsihi mteja aitoe UPS uvunguni na kuiweka panapopita upepo.

Swali la kwanza analomuuliza mnunuzi ni kompyuta gani inayolindwa. Mwenye kompyuta ya mkononi ana betri tayari. Kinachomzimikia ni ruta, na ruta hula wati chache tu. UPS ndogo ya ruta humtosha kwa saa kadhaa, kwa bei nafuu zaidi. Mwenye kompyuta ya mezani ndiye wa kupiga hesabu. Namba 650 iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi la UPS si wati. Wati halisi hukaribia 360. Na wati hizo hazisemi muda. Volti 12 mara ampea-saa 7 ni wati-saa 84, lakini kwa mzigo wa wati 100 betri ndogo haitoi zote, na nyingine hupotea njiani. Dakika 15 hadi 20 ni bahati njema.

Dakika hizo ni za kuhifadhi kazi na kuzima. Usiku wa Agosti 25, 2023, Kenya karibu yote ilipoingia gizani kwa saa nyingi, hakuna UPS ya aina hii iliyoweza kumfikisha mtu asubuhi.

Ushauri wa fundi kwa mwenye mfuko mwembamba ni wa moja kwa moja: tafuta UPS iliyotumika ofisini, yenye uwezo wa kurekebisha umeme unaposhuka bila kula betri, kisha itie betri mpya iliyopita mbele ya balbu. Kwa nyumba zilizo mwisho wa laini, ambako umeme hudhoofika jioni, urekebishaji huo ni wa lazima.

Lakini betri zilizoshindwa huenda wapi? Pembeni mwa duka zimepangwa zikimsubiri mnunuzi wa vyuma chakavu, na fundi hajui zinaishia wapi. Upande wa pili wa kivuko cha Likoni, Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru walidhurika kwa risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na Mahakama ya Upeo ikairejesha hukumu hiyo, iliyokuwa imetenguliwa, Desemba 2024.

Ukibadilisha betri, usiitupe jalalani wala usimpe mtoto aichezee. Irudishe kwa fundi, na umuulize anampa nani.