EKZOSI YA UANI: Usiulize italiaje, uliza moshi unatokea wapi

WAHENGA walisema debe tupu haliachi kuvuma. Ukikaa kibarazani jioni katika mtaa wowote wa Dar es Salaam, utadhani wazee wale walikuwa wanayasema magari yanayopita. Kigari cha cc 1300, lakini mlio wake ni wa lori la mchanga linalopanda mlima. Watoto wanashtuka usingizini, mbwa wanabweka, mwenye gari huyoo, mkono mmoja dirishani, anatabasamu.

Mlio ule, msomaji wangu, haukutoka Japani. Umetengenezwa uani kwa mtu, chini ya mwembe, kwa mashine ya kuchomelea, grenda, msumeno wa chuma na kipande cha bomba. Na mafundi wetu kwa hilo ni hodari, tusibaniane sifa. Mtu anakuja na gari linaburuza bomba chini kama mkia wa kenge, saa tatu baadaye anaondoka kichwa juu.

Wateja wa ekzosi ya uani ni wa aina mbili. Wa kwanza yake imeoza, mpya dukani bei yake inatisha, au ya gari lake haipatikani kabisa. Wa pili yake ni nzima, ila anataka iungurume ili mtaa ujue kapita. Wote wawili wanamuuliza fundi swali lile lile: “Fundi, italiaje?”

Swali hilo ndilo linaloweza kuua mtu. Leo naomba tulibadilishe.

KAZI YAKE HASA NI NINI?

Wengi tunajua ekzosi inapunguza kelele. Ni kweli. Ndugu wawili wa Columbus, Indiana, huko Marekani, Marshall na Milton Reeves, walipewa hataza ya sailensa ya injini tangu mwaka 1897, magari yenyewe bado yakihesabika. Lakini kelele ni kazi ya pili. Kazi ya kwanza ni kuchukua moshi kwenye injini, kuupitisha chini ya miguu yenu, na kuutoa nyuma kabisa ya gari bila kuvuja hata kidogo njiani.

Kwa nini bila kuvuja? Kwa sababu ndani ya moshi wa petroli mna gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ikiingia mapafuni inang'ang'ania damu kuliko hewa safi ya oksijeni inavyoweza, tena kwa nguvu zaidi ya mara 200. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Sasa fikiria familia inasafiri usiku, vioo vimefungwa, watoto wamelala kiti cha nyuma. Nani atajua kama ule ni usingizi wa safari au ni usingizi wa gesi?

Ndiyo maana nasema mlio ni wa mwenye gari, lakini moshi ni wa abiria.

KWA NINI ZINAOZA?

Petroli ikiungua inatoa maji. Usibishe. Lita moja ya petroli ikiungua inazaa karibu lita moja ya maji, yanatoka kama mvuke. Injini ikiwa ya moto mvuke unapita. Lakini kwa safari fupi za kwenda sokoni na kurudi, bomba halipati moto wa kutosha, maji yanabaki ndani yakichanganyika na asidi ya moshi, chuma kinaliwa kutoka ndani kwenda nje. Kwa sisi watu wa pwani kuna chumvi ya hewa inayolila kutoka nje. Likitoboka unalisikia leo, kumbe limeanza kuoza miaka.

Fundi mjuzi anajua hili. Kwenye sailensa atakayounda atatoboa tundu dogo la milimita tatu hivi sehemu ya chini kabisa, upande wa mkiani, ili maji yadondoke. Hilo si kosa la kazi, na usimwambie alizibe.

BOMBA PANA SI NGUVU

Hapa ndipo vijana wanapoliwa. Wanaambiwa bomba likiwa pana, gari linakuwa na mbio. Si hivyo. Moshi unatoka injini kwa mapigo, na pigo lililotangulia likienda kwa kasi linasaidia kulivuta linalofuata. Bomba likipanuka kupita kiasi, moshi unapoa na kuzubaa. Matokeo yake gari linapoteza nguvu za kuondokea, zile unazozihitaji kwenye foleni na kwenye mlima. Mjini utajisifu, ukifika Kitonga utaongea na gia namba moja.

Kwa kawaida gari la cc 1300 mpaka 1500 linatosheka na bomba la inchi moja na nusu mpaka moja na robo tatu. La cc 2000 linataka kama inchi mbili. Kanuni rahisi ni hii: pima la kiwandani, tengeneza la kipimo hicho hicho, au ukizidisha sana iwe robo inchi tu.

USILETE BOMBA LA MAJI

Bomba lenyewe liwe la chuma cheusi, unene wa milimita moja na nusu hivi. La samani ni jembamba mno, litaungua upesi. Ila kishawishi kikubwa ni bomba la maji, lile jeupe lililopakwa zinki. Linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, tena gumu. Tatizo ni mawili.

Kwanza ni zito, linaning'inia na kuvunja vishikio. Pili, na hili ndilo baya, zinki ikipigwa moto wa kuchomelea inatoa moshi mweupe mzito. Fundi akiuvuta hahisi kitu pale pale. Jioni ndipo anaanza kutetemeka, homa, kichwa, viungo vyote vinauma. Anakwenda kununua dawa ya malaria, kumbe ni homa ya moshi wa vyuma. Kwa kawaida inaisha baada ya siku moja au mbili, kesho kutwa anarudi kwenye bomba lile lile. Na pale uani ndipo mkewe anapopikia na wanawe wanapochezea. Kama hapana budi, zinki yote isagwe kwa grenda sehemu ya kuungia, nje kwenye upepo, pua na mdomo vikiwa na kinga ya kweli. Kitambaa cha kanga hakizuii moshi huo.

KUKUNJA KONA

Chini ya gari hakuna njia iliyonyooka. Kuna ekseli, kuna tangi, kuna propela. Mafundi wetu wana njia mbili za kupata kona.

Ya kwanza ni mchanga. Bomba linajazwa mchanga, linashindiliwa, ncha zinazibwa kwa vigingi, halafu linachomwa moto na kukunjwa taratibu. Mchanga unazuia bomba lisibonyee kama mrija wa soda. Lakini mchanga ukaangwe kwanza mpaka ukauke kabisa. Ukiwa na unyevu, maji yanageuka mvuke ndani ya bomba lililozibwa, na kigingi kinaruka kama risasi.

Ya pili ni vipande. Bomba linakatwa vipande vyembamba vya mshazari, kama vipande vya keki, vinapangwa kimoja baada ya kingine mpaka kona ipatikane. Ni kazi ya subira, kila kiungo kina mshono wake, na mshono wowote unaweza kuvuja. Lakini fundi mtulivu anatoa kona safi kuliko ile ya kupiga nyundo, ambayo inabana njia ya moshi pale pale ulipotaka iwe wazi.

KUCHOMELEA

Kabla mashine haijawashwa, waya hasi wa betri utolewe. Gari la siku hizi lina kompyuta, na umeme wa kuchomelea ukipita kusikostahili unaiunguza. Gari lisimame kwenye stendi imara, si kwenye jeki peke yake wala tofali za saruji. Bomba la mafuta liko wapi? Tangi liko wapi? Ndoo ya mchanga iko karibu?

Fundi mzuri chini ya gari anapiga nukta tatu nne za kushikiza tu, kupata mkao. Halafu anashusha bomba lote na kumalizia kazi chini, ambako anaona mshono mzunguko mzima. Yule anayemalizia kila kitu amelala chali, upande wa juu wa bomba hauoni. Na upande wa juu ndio unaotazama sakafu ya gari lako.

Kwa bomba jembamba rodi iwe ya milimita mbili au mbili na nusu, moto uwe mdogo. Moto mkubwa unatoboa, halafu anaanza kuziba matundu aliyoyatoboa mwenyewe. Na wale watoto wanaochungulia cheche, wafukuzwe. Usiku macho yatawasha kama yametiwa mchanga.

Mwisho, ekzosi isifungwe kwa waya. Ining'inie kwenye raba, maana injini inatikisika na chuma kinarefuka kikipata moto. Kwa gari ambalo injini yake imelala kukingama, kile kiungo cha kunepa cha wavu wa waya lazima kirudishwe. Ukikiondoa na kuweka bomba kavu, mshono utapasuka mbele kabisa, karibu na injini.

SAILENSA YA KIENYEJI

Ya kiwandani ina vyumba ndani, mawimbi ya sauti yanagongana na kupunguzana. Ya uani mara nyingi ni bomba lenye matundu mengi, limepitishwa ndani ya kopo kubwa la bati, katikati pamejazwa kitu cha kumeza sauti. Kitu hicho kiwe pamba ya kioo inayostahimili joto. Stilwaya laini ya jikoni inaungua na kuisha, na baada ya hapo unabaki na debe tupu, lile lile la wahenga. Na kamwe kopo lisiwe lililowahi kuwekwa petroli au tina. Hata likionekana kavu, mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka.

HADITHI YA MASEGA

Kuna kitu mafundi wanakiita masega, kwa sababu ndani kina vitundu kama sega la nyuki. Kipo kwenye ekzosi karibu na injini, na kazi yake ni kugeuza gesi ya sumu kuwa isiyo kali. Utaambiwa: “Bosi, hii inabana injini, tuitoe.” Ukiuliza anaitaka ya nini, atakwambia ni takataka tu.

Takataka? Mle ndani mna madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Mwaka 2021 aunsi moja ya rodiamu ilipita dola 20,000 kwenye soko la dunia. Masega ya gari moja yana chembe tu, lakini chembe zina wanunuzi, na si bure kwamba yanaibwa chini ya magari.

Zamani kulitoa kulikuwa na hoja. Petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika Kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006, inaua masega kabisa. Leo hoja hiyo haipo, kwani hata Algeria, nchi ya mwisho duniani, iliiacha mwaka 2021. Kama masega yameziba kweli yapimwe kwanza, na yakitolewa ondoka nayo mkononi. Ila ujue kwamba tangu siku hiyo sumu inayotoka nyuma ni nyingi zaidi, na tundu lolote bombani ni hatari zaidi.

KABLA HUJALIPA

Usitoe hela kabla ya majaribio haya. Injini iwake polepole, nje, kwenye upepo. Fundi azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kilichokunjwa, kwa muda mfupi. Kama hakuna tundu, injini itakaba au kitambaa kitasukumwa. Ukisikia “fsss” popote, kazi haijaisha. Injini ikiwa baridi, maji ya sabuni kwenye kila mshono yataonyesha mapovu.

Chungulia mwisho wa bomba. Utokeze nje ya bodi. Bomba linaloishia chini ya buti, au ubavuni chini ya mlango kwa ajili ya ubishoo, linamwaga moshi mahali ambapo gari linaweza kuunyonya, hasa mlango wa nyuma ukiwa wazi umebeba mizigo. Na taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi baada ya kazi, huenda hewa inaingia kabla ya sensa. Utalipa kwenye petroli.

Kuhusu mlio, Kenya ina kanuni za kelele tangu mwaka 2009 na Tanzania tangu mwaka 2015, kwa hiyo jirani yako anapolalamika si wivu peke yake.

Fundi wa uani si adui. Ametuokoa wengi tusio na hela ya vitu vya dukani, na anaweza kuunda ekzosi itakayodumu miaka. Lakini fundi anatengeneza unachomuuliza. Ukimuuliza sauti, atakupa sauti. Muulize: “Fundi, moshi wote unatokea wapi?” Akuonyeshe kwa kidole, kutoka injini mpaka mkiani. Halafu wapakie watoto, muende.