Arusha: mji wa mikutano unaotafuta ukumbi wa jioni

Azimio la Arusha linataja lenyewe mahali lilipopitishwa. Sehemu yake ya mwisho inaeleza kwamba Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967 katika jumba la maendeleo ya jamii mjini Arusha. Hawakukutana hotelini wala ikulu. Walikaa siku nne katika jumba la kawaida la wananchi, miongoni mwa yale yaliyorithiwa kutoka zama za ukoloni, wakajadili nani amiliki viwanda na benki, na kiongozi akatazwe nini. Tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa Dar es Salaam, na jina la mji ulio chini ya Mlima Meru likaingia katika vitabu vya historia duniani kote.

Jumba hilo bado lipo Kaloleni, jirani na Mnara wa Mwenge, nalo sasa ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Ni vizuri kwamba halikubomolewa. Wanafunzi huja na walimu wao, watalii hupita wakielekea mbugani, na anayetaka kuelewa taifa hili lilitaka kuwa nini miaka mitano baada ya uhuru atapata pa kuanzia. Lakini kila nikilitazama jengo lile nawaza jambo jingine. Tumehifadhi kuta zake kwa sababu ya siku nne za Januari. Kazi ambayo jumba la namna ile lilijengewa, kazi ya kila jioni na kila wiki kwa watu wa mtaani, tumeiacha bila makazi.

Majumba hayo yana historia ambayo haisimuliwi sana. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni iliwaangalia kwa wasiwasi askari waliorudi kutoka Burma na kwingineko. Walikuwa vijana waliozoea mshahara, waliosafiri, waliomwona Mzungu akiogopa risasi kama wao. Zikatengwa fedha za kujenga vituo vya ustawi mijini: chumba cha kusomea magazeti, mahali pa kunywa chai, ukumbi wa dansi, mafunzo ya ushonaji kwa akina mama, ngumi, kisomo cha jioni. Nia ya watawala ilikuwa kuwatuliza watu. Watu wenyewe wakayatumia kwa nia yao. Palipo na viti, taa na paa, watu wataongea. Na waliokuwa wakiongea katika miaka ya 1950 hawakuishia kwenye habari za mpira. Chama cha kuzikana, chama cha wafanyakazi, bendi ya dansi na tawi la TANU mara nyingi vilikuwa vya watu walewale. Dar es Salaam ina mfano ambao wengi wanaujua: Ukumbi wa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja, uliopewa jina la Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge aliyetoa fedha za kuujenga. Umepitia ukoloni, uhuru, ujamaa na biashara huria, na bado unapokea harusi na mikutano.

Kwa hiyo TANU kukutana katika jumba la jamii lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Chama kilikulia humo. Na Azimio lenyewe, lilipoorodhesha mambo manne yanayohitajika ili tuendelee, lilianza na watu, kabla ya ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haikuwekwa kuwa msingi. Miaka michache baadaye, 1970 ikatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika kila kata watu wenye mvi wakakaa kwenye madawati ya watoto kujifunza kuandika majina yao. Elimu hiyo ya ngumbaru haikungoja majengo mapya. Ilichukua darasa, ghala, ofisi ya chama, hata kivuli cha mti. Nasisitiza hili kwa sababu nitalirudia chini: tulikwisha kujua namna ya kutumia chumba kilichopo.

Tangu siku zile Arusha imekua kuliko alivyodhani yeyote. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 32,000 mjini. Sensa ya 2022 ilihesabu 617,631, yaani karibu mara 19. Na katika kukua huko mji umejitwalia kazi moja ambayo hakuna mwingine Afrika Mashariki unaoifanya kama wenyewe: kupokea vikao. Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, AICC, chenye majengo yake matatu ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, kilijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile iliyovunjika 1977. Mkataba wa amani wa Rwanda ulitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Mauaji ya kimbari yalipoupindua mkataba ule, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyowahukumu wahusika ilikaa hapahapa hadi 2015. Mkataba wa jumuiya mpya ulitiwa saini Novemba 1999, na ule wa Burundi, ambao Mwalimu Nyerere aliusimamia hadi alipofariki na Nelson Mandela akaumalizia, tarehe 28 Agosti 2000. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu nayo imefanya makao yake hapa.

Ni heshima kubwa, na ninajivunia. Warundi na Wanyarwanda walioketi katika kumbi za Arusha walikuwa wakitafuta njia ya kuacha kuuana. Hakuna kazi ya ukumbi inayozidi hiyo. Ila mkazi wa kata ya Unga Limited au Sombetini anaziona kumbi hizo kutoka nje ya uzio. Zina bei ya wageni.

Sasa chukua jioni moja ya Julai. Watu wa pwani hawaamini nikiwaambia Arusha ina baridi, lakini mji uko kwenye mwinuko wa mita kama 1,400, na Juni hadi Agosti mawingu hushuka kutoka Meru yakakaa juu ya mabati siku nzima. Ikifika saa moja usiku, kiwanja cha vumbi ambacho kilikuwa na watoto thelathini na mpira mmoja kimebaki kitupu. Machi hadi Mei ni masika, na kiwanja hichohicho ni tope. Nusu ya mwaka, basi, burudani ya nje ya mji huu wa mlimani inategemea huruma ya hali ya hewa. Watu wanakwenda wapi? Kijana ana kibanda umiza cha kutazama mpira wa Ulaya, ana meza ya pul, ana duka la kubeti, ana kijiwe cha bodaboda, ana baa. Karibu kila mlango ulio wazi jioni unadai fedha, na mingi inamfunza kuipoteza. Msichana wa umri wake hana hata hiyo. Yeye anarudi nyumbani. Mzee aliyezoea bao anacheza barazani kwa jirani hadi baridi imfukuze. Akina mama wa vikoba wanakutana sebuleni kwa mwenzao, kwa zamu, na mwenye sebule ndogo anaona haya zamu yake inapofika.

Hapa ndipo baadhi ya wasomaji watasema: jengeni. Nami sipingi. Uwanja mpya wa watazamaji wapatao 30,000 umepangiwa Arusha kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na nchi inayoweza hilo haiwezi kushindwa na ukumbi wa kata. Lakini nina hofu na neno “kujenga” likitangulia mengine. Nchi hii ina majengo ya kutosha ambayo shida yake ni kufuli. Darasa la shule ya msingi linafungwa saa tisa alasiri na kukaa giza hadi asubuhi. Ukumbi wa ofisi ya kata hutumika kikao kinapoitishwa, kisha viti vinapandishwa mezani. Kumbi za makanisa na misikiti zina ratiba nzuri, lakini ni za waumini wake, nao wasio wa dhehebu hilo husita kugonga. Hata ukumbi wa umma uliojengwa kwa jina la jamii huishia kukodishwa kwa sendofu na kichen pati. Msimamizi anajua sherehe italipa. Watoto wa sarakasi hawatalipa. Basi Jumamosi inatafunwa na sherehe, Ijumaa inatafunwa na maandalizi ya sherehe, Jumapili na usafi, na siku zilizobaki ufunguo unakaa mfukoni mwa mtu asiyejulikana yuko wapi.

Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu ukumbi wowote wa jamii ni nani anashika ufunguo, na saa ngapi mlango unafunguliwa bila mtu kuomba. Mengine yote yanafuata. Ukumbi unaofunguliwa kila siku saa kumi jioni hata kama hakuna aliyepangwa, ndani ya mwezi mmoja utakuwa na watu. Ukumbi unaofunguliwa kwa barua ya maombi na muhuri utakuwa na wenye muhuri.

Sherehe siyo adui. Tena ndiyo inayoweza kulipa umeme, maji, mlinzi na sabuni ya vyoo, mambo ambayo bajeti husahau. Mpango wa haki ni kwamba harusi ya Jumamosi ilipe bei kamili, na fedha ile ibaki kwenye ukumbi uleule badala ya kupotelea katika mfuko mkuu, ili Jumatatu hadi Alhamisi mtu wa mtaani aingie bure au kwa kiasi kisichomzuia. Hili halihitaji sheria mpya. Linahitaji daftari la mapato lisomwe mbele ya mkutano wa mtaa, kila mtu asikie.

Na siku zenyewe zina watu wake. Asubuhi mji uko kazini, lakini wazee na mama wenye watoto wachanga hawako kazini. Mzee mwenye kisukari anayeambiwa na daktari afanye mazoezi haambiwi ayafanyie wapi, na barabara ya vumbi yenye pikipiki si mahali pa mtu wa miaka sabini. Alasiri ni ya wanafunzi. Meza, taa na kimya ni utajiri kwa mtoto anayeishi chumba kimoja na wadogo zake wanne, na mwanachuo mmoja wa likizo anayejua hesabu anatosha kuifanya saa hiyo kuwa ya thamani kuliko tuisheni ya kulipia. Jioni ni ya miili: ngumi, sarakasi, judo, ngoma, dansi, tenisi ya meza. Kuna sababu mji huu ukapenda riadha. Alphonce Simbu, aliyeipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha kwenye marathon ya Tokyo Septemba 2025, ni mtu wa mazoezi ya Arusha, na mkimbiaji anahitaji barabara, mwinuko na mapafu. Bondia anahitaji paa. Mwanasarakasi anahitaji sakafu isiyomvunja shingo. Vipaji hivyo vipo Ngarenaro na Levolosi sawa na vilivyopo kwingine, ila havina pa kuangukia.

Kuhusu wasichana niseme wazi, kwa sababu hapa kumbi nyingi zenye nia njema zimeshindwa. Wavulana wakiingia kwanza, ukumbi unakuwa wao, na hakuna tangazo litakalobadilisha hilo baadaye. Siku za wasichana ziwekwe kabla mlango haujafunguliwa mara ya kwanza, wapate mwalimu mwanamke, choo chenye komeo na maji, na saa ya kumaliza inayomwezesha msichana kufika nyumbani kabla mama hajaanza kuuliza. Mzazi wa Arusha hatamruhusu binti yake kwa sababu ya mabango. Atamruhusu akimjua anayefunga mlango.

Vilevile kuna watu ambao serikali imekwisha kuwatambua kwa fedha lakini haijawapa mahali. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: nne, nne na mbili. Vikundi vinaundwa, vinasajiliwa, vinafundishwa vitabu vya hesabu kwa siku moja, kisha vinatawanyika kwenda kukutana chini ya mwembe au kwenye mgahawa ambao lazima kila mmoja anunue soda. Kikundi cha watu wenye ulemavu kinateseka zaidi, maana hata ule mgahawa una ngazi. Chumba chenye mlango mpana na njia ya mteremko, mara moja kwa wiki, kingelinda mikopo ile kuliko fomu nyingi tunazowajazisha.

Tuanzie wapi? Naona Kaloleni penyewe panafaa. Makumbusho ni mali ya taifa na yabaki makumbusho. Sipendekezi ngumi mbele ya picha za Mwalimu. Lakini jengo lililozaliwa kuwa jumba la jamii linaweza kupokea jamii tena kwa kiasi chake: mjadala wa jioni mara moja kwa mwezi, wazee wa mji wakisimulia Arusha ya miaka ya 60 mbele ya vijana wenye simu za kurekodi, mashindano ya insha ya shule za kata, somo la Kiswahili kwa wageni wanaofanya kazi katika taasisi zetu za kimataifa, likifundishwa na watu wa mtaa huo na kulipiwa. Makumbusho yangepata wageni wanaorudi. Wakazi wangepata sababu ya kuingia mahali ambapo wengi wao hawajawahi kukanyaga ingawa hupita mlangoni kila siku wakiwahi daladala.

Yanayobaki ni ya halmashauri, kata na shule. Kila kata itaje chumba kimoja kilichopo tayari, darasa au ukumbi, kitakachofunguliwa jioni nne kwa wiki kuanzia Juni, baridi inapoanza. Afisa maendeleo ya jamii na mwenyekiti wa mtaa wakubaliane juu ya mtu wa kukifungua, alipwe posho, na jina lake pamoja na namba ya simu vibandikwe mlangoni chini ya ratiba. Mwalimu mkuu apewe hakikisho la maandishi kwamba dawati likivunjika jioni, shule haitalilipia. Madiwani wakikaa kupitisha bajeti, wananchi waulize kuhusu posho hiyo ya mshika ufunguo kwa sauti ileile wanayoulizia lami.