Futeni Sifuri, Kilo Zibaki Zilezile

Mwanafunzi wa uchumi wa mwaka wa kwanza huuliza, na kwenye kahawa pale kijijini Mloka wanauliza: kama shilingi moja ya Kenya inakula karibu ishirini zetu za Tanzania, si wenzetu wametuzidi mara ishirini? Hapo hakosekani mjuaji wa kutoa dawa: Benki Kuu ifute sifuri tatu, elfu iwe moja, tuheshimike.

Hapana. Yeni ya Japani na shilingi ya Kenya zinakaribiana kwa dola. Kuna anayedhani Japani na Kenya zinalingana utajiri? Mwaka 1966, Kenya, Uganda na sisi tulipoanza kutoa sarafu zetu, shilingi zote tatu zilikuwa sawa. Pengo la leo ni kumbukumbu ya bei zilivyopanda tangu hapo, hasa miaka ya 1980, mfumuko wetu wa bei ulipopita asilimia 30 kwa mwaka.

Sasa hiyo dawa. Tuseme perege ni 8,000 kwa kilo na kibarua analipwa 16,000 kwa siku. Futa sifuri tatu: perege 8, kibarua 16. Jana alinunua kilo mbili, leo kilo mbili. Zimbabwe walifuta sifuri tatu mwaka 2006, kumi mwaka 2008, kumi na mbili mwaka 2009, na mwaka huohuo wakaitelekeza sarafu yenyewe. Uganda walifuta mbili mwaka 1987, bei zikaendelea kupaa. Msumbiji walifuta tatu mwaka 2006 kwa utulivu, maana mfumuko ulikuwa umeshashikika. Aliyepumzika ni mhasibu.

Kinachoitetea shilingi ni korosho na ufuta wa Kibiti, dhahabu, watalii wanaoingia hifadhini kwa lango la Mtemere. Kinachoibana ni mafuta na bidhaa tunazoagiza nje. Megawati 2,115 za Bwawa la Nyerere zitaisaidia zikiendesha viwanda. Zikiishia kwenye televisheni, msaada wake mdogo.

Kipato na akiba yako je? Kipato chako kipime kwa bei za hapa, za leo na za mwaka jana, achana na Kenya. Hela utakayoihitaji karibuni iweke benki. Ya mwaka na kuendelea, vipande vya mifuko ya uwekezaji ya UTT au hati fungani za serikali. Dola za uchochoroni ni kosa kisheria, tena nyingine bandia. Na kama unalipwa kwa shilingi, usikope kwa dola.