Boti kuukuu ya faiba: Rangi mpya yaweza kuficha ubao uliooza

MBARARA, Uganda

“Boti ya faiba haiozi” ni kauli inayopendwa na wauzaji, nayo ina ukweli nusu. Faiba yenyewe haiozi. Lakini boti nyingi za zamani zina mbao zilizofunikwa kwa faiba: kwenye tezi panapofungwa injini, chini ya sakafu, na ndani ya mihimili inayoimarisha tumbo la boti. Maji yakipenya humo, ubao huoza pole pole huku rangi ya nje iking’aa.

Suala hili linawagusa wavuvi wa Ziwa Nakivale, wilayani Isingiro, ambako makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 yanahifadhi zaidi ya watu 100,000 kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko. Ni ziwa dogo lenye kina kifupi, linalopata maji ya Mto Rwizi, mto uleule unaopita mjini Mbarara. Wavuvi wake wamezoea mitumbwi ya mbao. Ubao ukipasuka, ufa unaonekana. Msumari ukiota kutu, unaonekana. Fundi hung’oa ubao mmoja na kuweka mwingine.

Faiba inahitaji jicho jingine, na inazidi kuenea katika ukanda huu. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilikabidhi boti za faiba kwa mkopo kwa wavuvi wa Ziwa Victoria. Kadiri boti mpya zinavyoingia majini, za zamani hutafuta wanunuzi, na maziwa madogo ya bara ni soko la karibu. Kwa kikundi cha wavuvi kinachonunua boti kwa akiba ya miaka miwili au mitatu, kosa moja la ukaguzi linaweza kumaliza akiba yote. Mbaya zaidi, linaweza kugharimu maisha injini itakapong’oka na kuondoka na tezi katikati ya ziwa.

Kasoro hujificha wapi

Maji huanzia kwenye tundu dogo, mara nyingi la boliti ya injini au ya kufungia kamba ambalo halikuzibwa vizuri. Faiba huyazuia yasitoke, hivyo ubao hukaa na unyevu kwa miaka.

Kasoro ya pili ni tabaka za faiba kuachana. Boti hujengwa kwa kupanga mikeka ya faiba iliyolowekwa resini, tabaka juu ya tabaka. Boti ikigonga mwamba, au ikiburutwa mwaloni kila siku, tabaka zinaweza kuachana bila nje kuonyesha zaidi ya nyufa nyembamba zenye umbo la nyota.

Ya tatu ni malengelenge chini ya boti. Maji hupenya ngozi ya nje na kukutana na kemikali zilizobaki kwenye resini, kisha shinikizo huinua uvimbe. Hapa wengi hushangaa: maji baridi ya ziwa huleta tatizo hili haraka kuliko maji chumvi ya bahari. Boti iliyodumu miaka mingi pwani bila malengelenge inaweza kuyapata baada ya kuhamia ziwani.

Kabla ya kulipa

Kifaa cha kwanza ni nyundo nyepesi ya plastiki, au hata sarafu. Ukigonga faiba nzima, mlio huwa mkali na wa wazi. Mlio ukiwa mzito, kama wa kugonga kadibodi iliyolowa, chora mduara kwa chaki na uendelee. Duara zikiwa nyingi, hiyo si boti ya kupakwa rangi tu.

Pili, inua injini kidogo, kisha isukume chini na kuivuta juu. Tezi ikicheza, ubao wa ndani umechoka. Kwa uhakika, muombe mwenye boti ruhusa ya kutoboa tundu dogo kwa upande wa ndani. Vumbi kavu na jeupe ni dalili njema. Likitoka jeusi, limelowa na lina harufu ya uozo, bei lazima ijadiliwe upya. Tundu hilo lizibwe mara moja.

Tatu, angalia uzito. Boti inayohitaji watu wengi kuisogeza kuliko nyingine ya ukubwa uleule huenda imebeba maji ndani ya sponji iliyo chini ya sakafu.

Kufungua na kuziba

Mjini Mbarara, fundi wa bodi za magari anaweza kuwa na mkono mzuri wa kupiga msasa na kupaka rangi. Lakini gari na boti havina mahitaji sawa. Lipu ya kuziba mabonde ya gari hunyonya maji, na ikipakwa juu ya ubao uliooza huficha ugonjwa tu.

Kazi sahihi huanza kwa kukata hadi kufikia sehemu nzima, kutoa ubao wote mbovu, kisha kukausha. Kukausha kunaweza kuchukua wiki kadhaa, hivyo ni busara kukwepa mvua za Machi hadi Mei, au kufanya kazi chini ya paa.

Kingo za tundu husagwa kwa mteremko, si kukatwa wima. Kipimo kinachotumika sana ni 12 kwa 1: faiba yenye unene wa milimita 6 husagwa upana wa milimita 72 kuzunguka tundu, ili kiraka kishike. Hadena ya resini ya poliesta huwa asilimia 1 hadi 2. Ikipungua sana, resini haikauki sawasawa. Ikizidi, hupata joto na kupasuka. Resini ya epoksi ni ghali zaidi, lakini hushika vizuri zaidi juu ya faiba ya zamani. Fundi avae barakoa, miwani na glavu, kwani vumbi la faiba na mvuke wa resini hudhuru mapafu na macho.

Makubaliano

Kwa kuwa ukubwa wa uharibifu hujulikana baada ya kufungua, kikundi kisikubali bei moja ya kazi yote mapema. Ni heri kulipia kwanza ukaguzi na ufunguaji, wanakikundi wajionee wenyewe, kisha waamue kuendelea au kuacha. Picha za kila hatua zihifadhiwe pamoja na risiti. Boti inapovuka mpaka, mara nyingi historia ya matengenezo yake hubaki nyuma. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazomwambia mnunuzi ajaye, awe Isingiro, Kagera au Uvira, kilichomo chini ya rangi.