Mukate wa mama mwenye ugonjwa wa sukari

Mama wa Katuba, kama kwenye kliniki walikuambia uko na ugonjwa wa sukari, pengine uliacha sukari katika chai, lakini mukate ungali unakula. Jua hii: wanga wa mukate unageuka sukari ndani ya mwili. Gramu 100 za unga wa ngano ziko na wanga karibu gramu 75. Usikimbilie unga wa muhogo, wanga wake unapita ule wa ngano. Karanga ziko na gramu 16 hivi.

Tupa karanga zenye ukungu, zinaharibu maini. Kaanga zile nzuri, twanga polepole zisitoe mafuta, pima vikombe 2. Piga mayai 4, tia chumvi, nusu ya kijiko kidogo cha bikarbonati na kijiko cha maji ya ndimu. Changanya, mimina katika kopo iliyopakwa mafuta. Weka kopo ndani ya sufuria yenye mchanga wa moto, funika, tia makala juu ya kifuniko. Kisha dakika 40 choma na kisu. Kikitoka kikavu, umeiva. Hautavimba kama ule wa duka. Watoto waendelee na bukari yao.

Lakini kama unameza dawa ya sukari ao unapigwa insulini, usiache mukate na bukari siku moja bila kuambia munganga. Dawa inabaki na nguvu ile ile, na sukari inashuka kupita kiasi. Ukitetemeka na kutoka jasho baridi, kunywa mara moja maji yenye vijiko vidogo 3 vya sukari, kula kidogo, halafu uende kliniki. Aliyezimia wasimutilie kitu kinywani, wamupeleke hospitali upesi.