Istilahi za Utoaji wa Insulini kwa Mitambo

Tangu insulini ilipogunduliwa mjini Toronto mwaka 1921, mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza amelazimika kupima, kukadiria na kujidunga sindano yeye mwenyewe. Siku hizi sehemu ya kazi hiyo yaweza kufanywa na mitambo. Marekani iliidhinisha mfumo wa kwanza wa namna hii mwaka 2016.

Mfumo huo una sehemu tatu. Kihisi kilichopachikwa chini ya ngozi hutambua kiwango cha glukosi, kwa kawaida kila baada ya dakika 5. Programu hukokotoa insulini inayohitajika. Nayo pampu huiingiza mwilini.

Neno la kwanza linalotutatiza ni "kipimo". Kwa Kiswahili, neno hili lina maana ya chombo cha kupimia, tendo la kupima, na pia kiasi cha dawa. Mwongozo ukisema "rudia kipimo", msomaji mmoja atapima upya glukosi yake, na mwingine atajiongezea insulini. Insulini ikizidi, sukari hushuka mno, na mgonjwa aweza kuzirai au hata kufa. Kwa hiyo tunapendekeza "kihisi" kwa chombo, "kiwango" kwa tarakimu inayosomwa, na "dozi" kwa dawa. Neno "kipimo" lisitumike kabisa katika miongozo hii.

Istilahi ya pili ni "kongosho bandia". Inavutia, lakini inaahidi mengi kuliko yaliyopo. Kongosho husaidia pia kumeng'enya chakula, na hutoa homoni nyingine zaidi ya insulini. Isitoshe, insulini inayoingizwa chini ya ngozi hufanya kazi polepole kuliko chakula kinavyopandisha sukari. Hivyo katika mifumo mingi mtumiaji hana budi kuuarifu mtambo kiasi cha wanga kabla ya kula. Aliyeambiwa kwamba ana kongosho jipya aweza kudhani kuwa wajibu huo umekwisha.

Badala yake tunapendekeza "mfumo wa insulini unaojiendesha kwa kiasi". Ni istilahi ndefu, lakini maneno "kwa kiasi" ndiyo yanayomkumbusha mgonjwa sehemu yake. Mfasiri asiyaondoe kwa ajili ya ufupi.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayajaribu mapendekezo haya na kutuletea maoni yao.